Weupe ule unakaa wapi?

(Maneno haya, kuhusu weupe unaoonekana katika jicho la mtoto, niliyasema Jumamosi moja katika ukumbi wa parokia, Katuba, mjini Lubumbashi, mbele ya wauguzi wa vituo vya afya, wakunga wa maternite, ba rele wa mitaa, yaani wahudumu wa afya wa kujitolea, na wazazi. Watu kadhaa waliniomba niyaandike. Nimepunguza pale nilipojirudia. Mengine nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.)

Ba mama, ba papa, wauguzi wenzangu, jambo yenu wote.

Aksanti kwa kuja na jua hili. Naona kuna waliotoka Ruashi, kuna waliotoka Kampemba, na pale nyuma kuna mama aliyetoka Kipushi alfajiri na mtoto mgongoni. Basi sitawaweka kwenye salamu.

Nitaanza na kosa langu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa muuguzi mpya katika kituo kimoja cha afya, mama mmoja aliniletea mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Akaniambia: "Mama infirmye, usiku nikimnyonyesha karibu na mshumaa, jicho lake la kushoto linawaka kama la paka." Nikamchukua mtoto, nikamgeuza dirishani penye mwanga wa mchana, nikatazama. Sikuona kitu. Jicho si jekundu, halitoi uchafu, mtoto anacheka na kunivuta kitambaa. Niliona tu kwamba jicho lile limepinda kidogo kuelekea puani, nikasema ni makengeza ya utoto, yataisha akikua. Halafu nikampa mafuta ya tetrasaikilini. Kwa nini? Kwa sababu mama ametembea mbali, na niliona haya aondoke mikono mitupu.

Alirudi baada ya miezi minane. Jicho lilikuwa limesukumwa nje, kope hazifungi. Yaliyofuata sitayasimulia hapa, kuna watoto ukumbini.

Yule mama alikuwa amenitajia ugonjwa kwa jina lake la nyumbani, jicho la paka, na alikuwa ameniambia hata saa unapoonekana. Mimi niliyesoma ndiye nilikwenda kuutafuta mchana, dirishani. Niwekeeni hilo dirisha kichwani, tutalirudia.

Ugonjwa wenyewe unaitwa retinoblastoma. Ni kansere, au saratani kama wenzetu wa mashariki wanavyosema, inayoota kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Ni ya watoto wadogo: karibu wote hugunduliwa kabla ya kutimiza miaka 5, na wengine huzaliwa nayo. Ni ya nadra. Hupata mtoto mmoja katika kila watoto 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Muuguzi anaweza kufanya kazi mpaka pensheni akaiona mara moja au mbili tu, na hiyo mara moja akafikiri ni kitu kingine, kama mimi.

Mwaka 2020 ulitoka utafiti mkubwa uliokusanya watoto 4,351 wenye ugonjwa huu kutoka nchi 153. Katika nchi tajiri, nusu ya watoto walikuwa wamegunduliwa kabla ya kufikisha miezi 14 hivi. Katika nchi maskini, miezi 30. Tena katika nchi maskini karibu nusu ya watoto walifika hospitali kansere ikiwa imeshatoka nje ya jicho. Kwa matajiri ilikuwa mtoto mmoja au wawili katika mia. Mtoto wa Ulaya na mtoto wa Katuba wanaumwa kitu kilekile, ila huyu wetu anazungushwa mwaka na zaidi: dawa ya matone hapa, maombi pale, "ngoja akue" kule. Na mwaka huo ndio unaoua, kwa sababu kansere hii ikikamatwa ndani ya jicho karibu kila mtoto hupona.

Sasa, kilichotuleta. Si kila jicho jeupe ni kansere. Nasema hili kwa sauti kwa sababu najua kesho mtatoka hapa mkiona kansere kila nyumba. Kuna magonjwa mengi yanayofanana nayo, mengine hayana haraka, mengine yana haraka yake. Kuyatenganisha yote ni kazi ya daktari wa macho, mtoto akiwa amelazwa usingizi na mboni imepanuliwa kwa dawa. Kazi yetu ni ndogo zaidi, lakini hakuna mwingine atakayetufanyia: kujua weupe ule unakaa wapi.

Fikirini jicho kama nyumba zetu hizi. Mbele kuna dirisha la kioo, ndiyo ile sehemu angavu inayofunika rangi ya jicho. Nyuma ya kioo kuna mlango mdogo wa duara, ndiyo mboni, na mlangoni hapo imening'inia lenzi kama pazia la nailoni linalopitisha mwanga. Halafu chumba chenyewe, na mwisho ukuta wa nyuma, ndiyo retina. Ukiona weupe, usiulize kwanza ni ugonjwa gani. Uliza: ni kioo kimechafuka, ni pazia la mlangoni, au ni ukuta wa nyuma?

Kioo kikichafuka, utaona mchana kweupe. Doa jeupe au la kijivu limekaa juu kabisa, linafunika hata ile rangi ya kahawia. Ukimulika tochi kutoka ubavuni doa linashika mwanga. Haya ndiyo macho tunayoyaona mengi. Mtoto alipata surua, hana vitamini A ya kutosha mwilini, kioo kikalainika, kikaoza, kikabaki na kovu. Au jicho liliuma kidogo na bibi akakamulia maji ya majani, au mkojo, au maziwa ya mama, kikapata kidonda. Sicheki mtu hapa, hata kwetu walifanya hivyo. Kioo kikiwa na kidonda kipya ni dharura, mtoto apelekwe siku hiyohiyo na apewe vitamini A. Lakini huko si kwenye kansere.

Pazia la mlangoni likiwa jeupe, hapo ni mtoto wa jicho, ambao kwetu twaita kataraki. Weupe umejaa mbonini, karibu, kama maziwa kwenye kikombe kidogo, na rangi ya kahawia imeuzunguka safi bila doa. Mara nyingi macho yote mawili, na mama atakuambia "amezaliwa nayo." Wengine waliipata tumboni, mama alipougua rubela.

Nisimame kidogo kwenye kataraki, kwa sababu hapo kuna kosa la pili, ambalo watu hawalizungumzi. Kuna familia moja niliyoifahamu. Jirani mmoja alikuwa amesikia habari za kansere ya macho, akamwambia mama wa kichanga chenye mboni nyeupe: "Huyo ukimpeleka hospitali watamtoa macho yote mawili." Wakamficha. Miaka minne. Alipofika kwa daktari ilikuwa kataraki ya kawaida, ya kufanyiwa operesheni na kuisha. Ikaondolewa vizuri, macho yakawa safi kama ya mtoto yeyote, na bado haoni vizuri, kwa sababu ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miezi na miaka ile ya kwanza. Usipopelekewa picha wakati huo, baadaye hata ukipelekewa hauisomi. Kwa hiyo mtu asije kuniambia "nilidhani ni kataraki tu, ndiyo maana nikangoja." Hata kataraki ya kichanga haingoji, inahesabiwa kwa wiki.

Sasa ukuta wa nyuma. Weupe wa huko una tabia yake, ni mwizi wa usiku. Mchana, penye mwanga mkali, mboni inajifunga ikawa tundu dogo, na wewe uliye nje huoni chumbani. Jioni, penye mwanga hafifu, mboni inafunguka, mshumaa au taa ya simu inaingia, inagonga kile kitu cheupe nyuma na kurudi nje. Ndipo jicho linawaka. Mtoto akigeuka kidogo linazimika. Ndiyo maana mama anaona, baba anaambiwa haoni, na muuguzi aliyempeleka mtoto dirishani haoni kabisa. Ile siku nilikuwa nimeufunga mlango mwenyewe kwa mwanga wa jua, kisha nikasema ndani hamna mtu.

Mama akikuambia "linawaka, lakini si kila wakati," usimwone mwongo. Hiyo "si kila wakati" ndiyo inayopaswa kukutisha.

Na huko nyuma pia kansere haikai peke yake. Nitawatajia wachache wanaofanana nayo, ili mjue maswali ya kumuuliza mama na kuandika kwenye karatasi.

Kuna ugonjwa unaoitwa Coats, kwa jina la daktari George Coats wa London aliyeueleza mwaka 1908. Mishipa midogo ya damu ya retina inavuja, majimaji yenye mafuta yanajaa nyuma ya utando na kuuinua. Mwako wake mara nyingi ni wa njano kuliko mweupe. Hupenda wavulana, jicho moja, na kwa kawaida mtoto ameshakua kidogo kuliko yule wa retinoblastoma. Huu ndio mshindani mkubwa. Hata huko kwenye mashine nzuri kuna macho ya Coats yaliyowahi kutolewa kwa kudhaniwa kansere. Kinachosaidia kutofautisha ni chokaa. Kansere hii, ikikua, mara nyingi sana huweka chembe za chokaa ndani yake, na ekografi ya jicho, kile kipimo cha mawimbi ya sauti, au skana huziona. Coats kwa kawaida haina.

Kuna jicho lililozaliwa na mishipa ya zamani. Mtoto akiwa tumboni, ndani ya jicho hupita mishipa inayolisha lenzi, kisha hufutika kabla ya kuzaliwa. Kwa wengine haifutiki, inabaki kama kamba nyeupe nyuma ya lenzi. Alama yake nzuri hata kwetu ni kipimo: jicho hilo ni dogo kuliko mwenzake, na limekuwa hivyo tangu siku ya kwanza. Jicho la kansere mwanzoni lina ukubwa wa kawaida, likibadilika, hukua.

Kuna watoto waliozaliwa kabla ya wakati, waliokaa kwenye kuvezi, lile sanduku la joto, na kupewa oksijeni. Retina zao hazikuwa zimeiva, mishipa ikaota vibaya, utando ukavutwa. Ni macho yote mawili mara nyingi, na mkunga ndiye mwenye jibu: alizaliwa na kilo ngapi, na mimba ya wiki ngapi?

Kuna na minyoo ya mbwa. Mtoto anachezea vumbi walipolala watoto wa mbwa, anatia mkono mdomoni, yai linaanguliwa, mnyoo mdogo unasafiri mpaka jichoni na kuacha uvimbe mweupe. Huyu mara nyingi si kichanga, ni mtoto anayekimbia uani. Waulizeni kama kuna mbwa nyumbani. Mengine yapo, retina iliyobanduka kwa kupigwa, damu iliyoganda ndani ya jicho, usaha, tundu la kuzaliwa nalo, sitayamaliza yote.

Mmeona ninachofanya? Umri, jicho moja au mawili, dogo au kubwa, tangu lini, alizaliwaje, mbwa. Dakika tatu. Majibu hayo hayakupi ruhusa ya kusema "si kansere, rudi nyumbani." Yanampa daktari pa kuanzia. Mtoto aende kwa vyovyote.

Makengeza. Nimewaambia yule mtoto niliyemtazama dirishani alikuwa na jicho lililopinda. Baada ya mboni nyeupe, hiyo ndiyo dalili ya pili ya ugonjwa huu kwa wingi. Kitu kikikaa katikati ya retina, jicho halioni mbele, basi linaacha kushikamana na mwenzake na kuzurura. Ni kweli, watoto wengi wenye makengeza hawana kansere. Ni kweli pia kwamba kichanga wa wiki chache macho yake huyumba. Lakini baada ya miezi mitatu minne, jicho linalokaa limepinda lazima litazamwe mpaka nyuma kabla mtu hajasema neno "utoto." Hapa mjini tunasema jicho lililopinda ni la urembo. Mie sisemi tena.

Halafu kuna jicho jekundu lililovimba. Hili linadanganya hata madaktari. Kansere ikikua sana ndani, sehemu yake hufa, na jicho zima huvimba kope kama lina usaha wa maambukizi. Mtoto anapewa antibiotiki, anapewa na dawa ya kupunguza uvimbe, kweli linapungua siku chache, watu wanafurahi, kisha linarudi. Jicho la mtoto mdogo lililovimba likapona nusu na kurudi, kabla ya sindano nyingine, ulizeni: je, mboni yake iliwahi kuwaka? Na ukiona kama utando wa usaha umetuama chini mbele ya rangi ya jicho, lakini mtoto hana homa wala hakuumizwa, mtu asithubutu kuchoma sindano "kuutoa." Hiyo inaweza kuwa kansere yenyewe imeshuka mbele, na tundu la sindano ni barabara ya kutokea nje. Ndiyo maana kwa ugonjwa huu madaktari hawakati kipande cha kupima kama wanavyofanya kwa titi au kwa ngozi. Wanaamua kwa kutazama na kwa ekografi.

Jicho lililosukumwa nje, hilo kila mtu analiona, hata mpita njia. Huku Afrika yetu kuna kansere nyingine, ya Burkitt, inayovimbisha taya na wakati mwingine kusukuma jicho. Huyo kwa kawaida ni mkubwa kidogo, wa miaka minne na kuendelea, na uvimbe unakua kwa siku, mama anakuambia "wiki iliyopita hakikuwepo." Tazameni mdomoni: meno yanayolegea yanasema Burkitt. Kote kuwili ni kukimbia, kwa hiyo msipoteze siku mkibishana.

Sasa foto. Naona vijana mmeshika simu. Simu zenu zimekuwa tochi yangu ya pili. Mtoto akipigwa foto na flashi penye giza kidogo, macho yakawaka mekundu yote mawili, huo ni mwanga unarudi kutoka retina yenye damu, ni jambo jema. Moja likiwaka jekundu na jingine jeupe, hapo simameni. Lakini msipige kelele bado. Flashi ikimpata mtoto ametazama pembeni kidogo, inaweza kuangukia mahali ambapo mshipa wa kuonea unatokea, pale ni peupe kwa kila mtu, na foto itatoka na jicho jeupe la uongo. Pigeni nyingine, akitazama simu moja kwa moja, kisha akitazama kushoto, kulia, juu. Weupe wa mara moja, upande uleule alipogeuza macho, huenda ni huo mshipa. Weupe unaorudi kwenye jicho lilelile, leo na kesho, njooni nao. Na hata wa mara moja, ukikunyima usingizi, njoo. Sijawahi kumfukuza mama kwa foto. Msiifute, daktari ataitaka.

Jambo moja vitabu vya Ulaya havitilii mkazo. Vinasema mwako mzuri ni mwekundu. Kwa watoto wetu, ambao ndani ya jicho pia ni weusi, mwako unatoka wa rangi ya chungwa iliyofifia, wakati mwingine kama kijivu. Usitafute wekundu wa picha ya kitabuni. Linganisha jicho na jicho. Yafanane. Basi.

Nyinyi wauguzi mnasema: tutazame saa ngapi, na foleni ile? Nawajibu: mtoto mnaye tayari mikononi. Anakuja kuzaliwa maternite. Anakuja chanjo wiki ya 6, ya 10, ya 14. Anakuja miezi 9 kwa surua. Anakuja kupimwa kilo. Anakuja vitamini A kila miezi 6 mpaka afike miezi 59. Kila mara mnamtazama mkono, paja, mizani, jicho hamlitazami. Funga pazia la chumba, zima taa, kaa umbali wa mkono mmoja, weka ofutalmoskopu, ile tochi ya kutazamia ndani ya jicho, jichoni mwako, mulika yote mawili kwa pamoja, sekunde kumi. Mtoto akilia, mpe mama anyonyeshe. Akinyonya hufumbua macho mwenyewe, huo ni ujanja wangu, uchukueni. Kama kituo hakina ofutalmoskopu, chumba chenye giza na flashi ya simu vinatosha kukupa wasiwasi, na wasiwasi ndio tunaoutaka.

Kisha muulize mama swali moja, kwa maneno haya haya: "Umewahi kuona jicho lake linawaka usiku?"

Akisema ndiyo, karatasi. Kwenye karatasi msiandike "konjoktiviti", yaani macho mekundu ya kawaida, ili tu kujaza mstari. Andikeni lekokori, ndiyo mboni nyeupe, jicho la kulia au la kushoto, mama ameiona tangu mwezi gani, na neno haraka, mara mbili kama mnapenda. Haraka kwetu iwe wiki hii. Hapa mjini aende Kliniki za Chuo Kikuu, kwenye idara ya macho. Kutoka huko, wakiona inafaa, wataelekeza zaidi: Kinshasa kuna Hospitali ya Saint-Joseph, Limete, wanaowajua watoto hawa, wengine huvuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa kwenda Lusaka, ni karibu kwetu kuliko Kinshasa ambako hatuendi kwa basi. Najua tiketi ni pesa. Familia inayochanga pesa ya matanga inaweza kuchanga na hii. Samahani, nimesema kwa ukali.

Mtaniuliza: nani amefanya, nani amemroga mtoto? Swali hili linakuja kila mara, na bibi mzaa baba ndiye hulipia. Basi sikilizeni. Kila chembe ya mwili, yaani seli, ina breki mbili za kuizuia isizaane ovyo, breki moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Kwa retina, breki hiyo ni jeni, kile kipande cha urithi kutoka kwa wazazi, inayoitwa RB1. Lori la Kasumbalesa likipoteza breki moja bado linasimama. Likipoteza ya pili linaingia shimoni. Mwaka 1971 Mmarekani Alfred Knudson alieleza hivyo ugonjwa huu kwa kuhesabu tu, kabla hata jeni yenyewe haijaonekana. Kwa watoto wengi breki zote mbili zimekatikia kwenye chembe moja ya jicho, kwa bahati mbaya tupu. Kwa wengine, kama 4 kati ya 10, breki moja ilikuwa imekatika mwilini kote tangu kutungwa mimba, na hao ndio wanaoweza kuipata macho yote mawili, mapema zaidi. Na hata hao, wengi wao hakuna aliyewahi kuumwa katika ukoo. Hapa hakuna bulozi. Hakuna deni la mababu. Ombeni, nami naomba, lakini ombeni mkiwa njiani kuelekea hospitali.

Ila kwa ajili ya breki hizo, mtoto akikutwa nayo, ndugu zake wadogo wote watazamwe macho, na aliyepona akikuwa na kuzaa, watoto wake watazamwe tangu siku za kwanza. Mwenye aina ya kurithi, kila mtoto wake ana nusu kwa nusu ya kuipokea ile breki iliyokatika.

La mwisho ni lile linalowakimbiza watu: kutolewa jicho. Ndiyo, mara nyingi kwetu hutolewa, kwa sababu watoto hufika wamechelewa. Wakifika mapema, kuna dawa za kemoterapi, kuna laser, kuna kugandisha kwa baridi kali, na jicho linaweza kubaki. Lakini jicho likiwa limejaa, halioni tena, kulishikilia ni kumshikilia mtoto kwa kamba ya kumzamisha. Operesheni si ndefu. Mtoto hulala usingizi, siku chache baadaye anacheza. Kisha huwekewa jicho la bandia, hubadilishwa kadiri uso unavyokua. Niliwahi kukutana sokoni Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, na kijana anauza vocha za simu, nikanunua, nikamrudishia chenji aliyonizidishia, tukaongea dakika tano. Mama yake aliyekuwa kando ndiye aliyenikumbusha nilimwandikia karatasi akiwa na miezi kumi na moja. Sikuwa nimejua jicho lipi.

Basi. Mezani pale kuna ofutalmoskopu tatu na tutazima taa za upande ule. Wakunga waje kwanza, halafu ba rele na simu zenu. Mama wa Kipushi, wewe umetoka mbali kuliko wote na mtoto wako ameamka. Tuanze naye. Mkalishe mapajani, umnyonyeshe tu.